Bustani Inayofungwa Alasiri

Nataka kueleza habari ya bustani hii hasira zingali moto, maana nikitulia mimi husahau nusu ya jambo, na ile nusu inayobaki naisema vibaya. Mjukuu wangu ameolewa Ijumaa iliyopita, hapa hapa Bagamoyo. Harusi imekwenda salama, watu wamekula wameshiba, hakuna aliyezimia wala aliyetukanana na mwenzake mbele za wageni. Alhamdulillahi. Lakini mimi nina donge kifuani, na donge lenyewe ni la maua.

Mwanzo wake ni mdomo wangu. Tulikuwa tumekaa ukumbini wanawake watupu, tunapanga mambo ya kupamba, yaani ile jioni bibi harusi anapokalishwa mbele ya wanawake wenzake, hina mikononi na nguo mpya, kila mtu amtazame mpaka achoke. Binti yangu, ambaye ndiye mama wa bibi harusi, akasema maua yataagizwa Dar es Salaam, ya kitambaa, mazuri, hayanyauki.

Nikamwuliza, "Na kikuba je?"

"Na kikuba, Mama. Wanatengeneza cha kitambaa pia. Unabana na pini tu."

Kwa asiyekijua, kikuba ni kifungu kidogo cha asumini na rehani, kinatungwa kwa uzi, mwanamke anakibandika kifuani au kwenye nywele, akipita unajua amepita. Mama yangu alitunga, bibi yangu alitunga, mimi nimeanza kutunga kabla sijajua kusuka ukili. Shule sikukaa sana, nilitolewa mapema nikamlee mdogo wangu, basi niliyojifunza kwa vidole ni mengi kuliko niliyojifunza kwa macho. Katika nyumba yetu hajaolewa binti akavaa kikuba cha kununua. Na sasa cha kitambaa! Kitambaa kina harufu gani? Harufu ya duka.

Nikasema mbele ya wote, na mashangazi wapo, na majirani wapo, "Mjukuu wangu atavaa asumini mbichi, na mtungaji ni mimi. Msiagize kitu."

Bibi harusi mwenyewe alikuwa kwenye mkeka pembeni na simu yake. Nikadhani hasikii. Akainua uso. "Kweli, Bibi? Mimi nataka hiyo."

Basi, ameshasema anataka. Ningerudi nyuma kwa mguu gani? Na ubaya ni kwamba asumini sina.

Nilikuwa nayo. Uani kwangu palikuwa na mwasumini umepanda ukuta wote wa upande wa jikoni, jioni ukiingia nyumbani huhitaji kufukiza udi. Akaja mwanangu wa kiume anayekaa Dar, akaona uani pana matope, akasema, "Mama utateleza uvunjike," akaleta mafundi wakamwaga zege ukuta kwa ukuta. Kweli siku hizi sitelezi. Lakini mwasumini ulibaki na kishimo cha kuingia kikombe tu, ukaanza kupiga manjano, ukapukutika, ukafa umesimama. Mwanangu akasema atanunua mwingine wa kwenye ndoo. Namsubiri.

Nikazunguka mtaa. Unajua mtaa wetu wa zamani huu, nyumba zimeegemeana, zamani ukipita nyuma ya kila nyumba una mkadi huku, rehani kule, waridi pale. Nikabisha hodi nyumba kwa nyumba. Huku zege. Kule matofali ya kupanga. Pale tangi la maji limekaa palipokuwa na mlangilangi. Nyumba moja wamenikaribisha vizuri, wakanipa juisi, nikatoka uani nikaona majani mabichi nikafurahi, kuweka mguu, plastiki. Majani ya plastiki, wameyatandika kama zulia. Mwenye nyumba ananitazama nifurahi. Nikasema mazuri, niseme nini, nimeshakunywa juisi yake.

Wifi yangu wa Fukayosi, mjane wa kaka yangu, nikampigia. Akasema kwake zipo, nisiwe na neno, atampa dereva wa gari la abiria asubuhi. Kweli alimpa. Alizitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo zisimwagike, na mfuko ukawekwa mbele pale kwenye kioo juani. Nilipofungua zilikuwa zimepikwa. Nyeusi, zimeshikana, zinanuka kama mchicha uliolala. Nikampigia kumshukuru.

Ndipo binti yangu akasema, "Mama, nenda kwenye ile bustani ya mimea. Wana kila kitu mle."

Bustani yenyewe wameifungua juzi juzi tu, kwenye uwanja nyuma ya nyumba moja kuukuu ya mawe, ambayo tulipokuwa wadogo tukiiogopa kwa popo. Siku hizi wageni wakija kutazama mji wetu, wakishapiga picha milango ya nakshi na magofu, wanaletwa hapo wapumzike kivulini na kusomewa majina ya miti. Mimi sikuwahi kuingia. Kuingia mahali kutazama mchaichai, na mchaichai nimeufuga? Lakini shida haina kiburi, nikapanda bajaji asubuhi nikaenda.

Getini pana mlinzi, mtu mzima kiasi, kofia imemzidi kichwa. Kwa lafudhi yake nikajua ni wa huko Lugoba. Nikamwambia nimekuja kuomba asumini.

"Kuomba?" akasema. "Hapa hatuombwi, bibi. Hapa watu wanakuja kuangalia."

"Nitaangalia kwanza, halafu nitaomba."

Akacheka. "Nyie watu wa mjini pwani, kutwa maua. Kulima mnalima saa ngapi?"

"Saa ile nyie wa Lugoba mmekaa barabarani mnahesabu malori."

Tukacheka wote wawili, nikalipa kiingilio, nikaingia. Huyo mlinzi sina ugomvi naye, nasema mapema.

Ndani ni pazuri. Sitaki kusema uongo kwa sababu nina hasira. Wametengeneza vijia vya changarawe za matumbawe, vyeupe, vinaumiza miguu kwenye kandambili lakini vinapendeza. Kila mti una kibao chake. Mdalasini, mkarafuu, mkunazi, mpilipili manga umejizungusha kwenye mti wa watu. Alinipokea msichana wa kutembeza wageni, fulana ya kijani, kilemba kizuri, adabu tele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Asumini iko wapi?"

"Tutafika, bibi. Ziara inaanzia huku kwenye mimea ya dawa."

Nikamwambia mimi sina ziara, nina harusi. Akasema sawa, lakini njia ni moja, inazunguka. Na kweli njia ni moja, wamezungushia kamba pande zote mbili kama wanaongoza mbuzi. Basi nikatembezwa. Nikaelezwa mwarobaini. Nikaelezwa mlonge. Nilipofika kwenye mkunazi nikasimama kidogo, maana mimi nikiuona mkunazi nawakumbuka watu wangu, majani yake ndiyo tunayowaoshea maiti. Msichana akasema matunda yake yana vitamini. Nayo ni kweli, tumeyala sana utotoni. Nikaendelea.

Mahali pamoja nilimkosea yule mtoto. Tulifika kwenye kichaka chenye majani kama ya rehani, kibao kimeandikwa kitu kingine kabisa, nikapaza sauti, "Mnadanganya wageni! Hii ni rehani, mmeandika nini hapa?" Wageni wawili Wazungu wakageuka. Msichana akainama taratibu akanionyesha kwa kidole, kibao nilichokisoma kilikuwa cha mti wa nyuma yake. Cha rehani kilikuwa chini miguuni pangu, kimeandikwa rehani, tena kwa herufi kubwa. Nikasema miwani yangu ya zamani. Akasema hata yeye humtokea. Hakuna siku iliyomtokea, lakini alisema.

Halafu tukakata kona, nikaisikia harufu kabla ya kuuona. Mwasumini! Wameuacha ukaota wenyewe, umejimwaga juu ya kiambaza cha fito, umetanda mpaka chini. Asubuhi ile yale ya jana yalikuwa yameshaanguka, yamelala kwenye changarawe yamepata rangi ya chai. Lakini juu matumba yamejaa, madogo, ya kijani, ncha zake zimeanza kupata wekundu. Nikafurahi mpaka magoti yakaacha kuuma. Nikanyoosha mkono.

"Bibi, samahani. Hairuhusiwi kugusa."

"Sigusi, nasalimia tu."

"Na kusalimia, bibi." Akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshauzuia wangu, taratibu.

Nikamweleza shida yangu yote, pale pale, pamoja na zege na Fukayosi. Alisikiliza kwa moyo. Akasema angeweza kunipa zile zilizoanguka chini, nizikusanye, hakuna atakayesema neno. Nikamwambia mwanangu, hizo zimeshamaliza kazi. Asumini ya kikuba haichumwi ikiwa imefunguka, na haichumwi asubuhi ikiwa bado kijani. Inachumwa alasiri. Ukishaswali alasiri, matumba ya siku hiyo yamenenepa, yamekuwa meupe kama mchele, lakini mdomo wamefumba. Hapo ndipo unachuma, unakimbia nyumbani, unatunga yakiwa yamefumba. Magharibi ikiingia yanafunguka yenyewe kwenye uzi, kifuani kwa mwenye nayo. Hiyo ndiyo kazi ya kikuba, kimfungukie aliyekivaa. Ukiwahi hayafunguki jioni hiyo, ukichelewa yanafunguka mtini na ukiyatia sindano yanachanika.

Msichana akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Alasiri tunafunga, bibi. Saa kumi geti linafungwa. Tunaanza kutoa watu nje kabla yake."

Nikadhani ananitania. Bustani ya maua inafungwa saa kumi? Yale maua yote mle, asumini, waridi, mlangilangi, saa yake ya kupumua ni jua likipungua. Asubuhi na mchana yamelala. Ni kama ungejenga msikiti ukaufunga kila adhana ikitoka. Nikasema hivyo. Akasema taratibu ndiyo hiyo, wafanyakazi nao wana majumbani kwao. Na hilo pia kweli! Kila mtu mle ndani alikuwa na jibu la kweli, ndilo lililonichosha. Ningekutana na mjinga mmoja ningepumua.

Akanishauri nimwone meneja. Meneja yuko wapi? Dar, kwenye kikao. Nije kesho.

Kesho yake nikaja. Meneja hajarudi. Mlinzi akaniambia nikae kwenye kivuli chake, akanipa kiti chake akasimama yeye, tukazungumza habari za mananasi ya Kiwangwa, ambako ana mke wa pili, mpaka nikajua mambo ya huyo mke kuliko ninavyojua ya jirani zangu. Msichana alipotoka akampigia meneja simu, akanipa niseme mwenyewe.

"Mama yangu!" meneja akasema, sauti nzuri kama ya mtangazaji. "Hakuna shida kabisa. Kabisa! Wewe ni mzee wetu, mji ni wenu. Ijumaa njoo muda huo huo unaoutaka, mlinzi atakufungulia."

"Baada ya kufunga?"

"Baada ya kufunga, mama. Nimeshasema. Hakuna shida."

Nikarudi nyumbani nimeinua kichwa. Binti yangu akaniuliza kama ana haja ya kuagiza maua ya kitambaa hata machache ya akiba, muda ungalipo. Nikamwambia akiba ya nini, meneja kasema mwenyewe. Bibi harusi alikuwa anachorwa hina, mikono ameinyoosha hawezi kushika kitu, akaniambia, "Bibi, nimewaambia rafiki zangu wote wa kazini. Wanasema hawajawahi kuona kikuba cha kweli."

Hiyo ilinipa raha, na ikanitia hofu.

Ijumaa nikaswali alasiri mapema sana, adhana haijaisha vizuri mimi nimeshatia nia. Nikachukua kikapu changu cha ukili, nimekitandika kitambaa chenye maji ndani, nikapanda bajaji. Mlinzi ananisubiri kama alivyoagizwa. Geti limefungwa, wageni wametoka, akafungua upande mmoja akasema kwa heshima, "Karibu bibi harusi." Nikamwambia mke wako wa Kiwangwa anakusikia. Nikaingia.

Bustani tupu ile, jua limelegea, changarawe imepoa, mimi na yule msichana tu, aliyebaki kwa ajili yangu. Harufu ilikuwa imeanza kuamka. Nikajisemea, sasa ndiyo bustani. Nikawa natembea haraka, kona ile, kona hii.

Nikakata kona ya mwisho nikaona kitu kama chungu kikubwa kimefudikizwa chini.

Wameukata. Mwasumini ule uliokuwa umejimwaga, wameukata mviringo, duara kamili, umekaa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Hakuna tumba hata moja juu yake. Majani tu, yamekatwa nusu nusu kwa mkasi wa michongoma. Pembeni kuna toroli limejaa matawi, na ufagio umeegemezwa. Mwenye kazi ameshakwenda zake.

Msichana akajishika mdomo. "Bibi, mimi sikujua. Wallahi sikujua. Kesho kuna ujumbe wa wageni wakubwa, aliambiwa asafishe."

"Nani aliyemwambia?"

Akalitazama toroli. Tulijua wote wawili. Yule yule wa hakuna shida. Aliniambia mimi nije, akamwambia mtunza bustani apendezeshe, na kichwani kwake mambo hayo mawili hayakukutana hata kidogo. Hakuwa na ubaya. Kwake yeye asumini ni kichaka kilichoota vibaya, na bibi kizee ni mzee wa kuheshimiwa, na kila mmoja kampa haki yake.

Nilitaka kulia, nikaona aibu kulia mbele ya toroli. Nikakaa chini kwenye changarawe, nguo yangu nzuri, nikaanza kupekua. Tawi kwa tawi. Mengine yamepondeka, mengine yamekanyagwa, mengi ni ya keshokutwa, kijani kabisa, hayakufika popote. Lakini meupe yalikuwemo. Yaliyofumba vizuri, yameshikilia kwenye kikonyo, yamevumbika tu. Msichana akakunja suruali yake akakaa upande wa pili. Mlinzi naye alikuja kuona mbona tumechelewa, akatutazama, akavua kofia, akaanza kuweka matumba ndani ya kofia.

"Hili?" ananionyesha.

"Hilo bichi."

"Na hili?"

"Hilo ni jani."

"Maua yenu magumu," akasema. "Nanasi likiiva hata kipofu anajua."

Tulipekua mpaka chini ya toroli. Jua likanitisha, nikasimama. Kikapu hakikujaa hata nusu, na katika hiyo nusu, mazuri ni machache. Kwenye bajaji niliyafunika kwa kitambaa changu kama mgonjwa.

Nyumbani nikaingia chumbani nikafunga mlango nikatunga. Sijawahi kutunga kwa ghadhabu namna ile. Meupe hayatoshi, nikaanza kuchanganya yale yaliyopata rangi nusu, halafu yale ya kijani kabisa, nikajaziliza na rehani nyingi, iliyotoka kwa jirani, hiyo angalau bado ipo. Kikatoka kikuba. Kwa mbali kizuri. Kwa karibu kama msala wa kuunga viraka.

Binti yangu alikitazama akasema, "Mama, mbona cha kijani?"

"Kitafunguka."

"Mama."

"Nimesema kitafunguka!"

Nikambandika mjukuu wangu kifuani mwenyewe. Alikuwa amependeza, namwombea macho ya watu yasimdhuru. Akainamisha pua, akavuta. Nikamwona uso wake. Ni mtoto mwenye adabu, akanibusu mkono. Magharibi ikaingia, ikapita, wanawake wakakaa mikekani, vigelegele, udi unafuka. Nami nimekaa ubavuni pake nakitazama kikuba kama mtu anayetazama sufuria lichemke. Machache yakafunguka, yale meupe. Mengine yamefumba mdomo kabisa. Harufu yake ungeitafuta kwa tochi.

Nikageuka kupokea sinia la kahawa. Kurudi, nikasikia pss, pss. Bibi harusi amechukua chupa kwenye yale mazawadi aliyoletewa na wakwe, anakipulizia kikuba. Akaniona. Akaificha chupa chini ya mto, akatazama mbele, kimya kama picha.

Sasa hao wakwe zetu ni watu wa Pangani, asili yao Oman, biashara yao miaka yote ni marashi na udi. Mama wa bwana harusi ni mwanamke mkubwa, ana sauti, pua yake ndiyo iliyolea familia. Akaja kumtazama mkwewe, akaketi, akainama kifuani kwake, akavuta pumzi ndefu. Wanawake wote wakasogea kusubiri.

"Maashaallah," akasema. "Asumini." Akavuta tena. Uso ukabadilika kidogo. Akasema polepole, "Lakini hii ni ya kwetu. Ya dukani. Ile chupa ya kifuniko cha dhahabu."

Mjukuu wangu akanifinya paja chini ya kanga nikae kimya. Binti yangu kule mlangoni ananikonyeza. Mimi nikashindwa. Nikasema, "Ni chupa, ndiyo. Maua yenyewe hayanuki, yamekatwa na watu wasiojua, nimeyaokota kwenye takataka." Nikaeleza yote, zege, nailoni ya Fukayosi, geti la saa kumi, kichwa kilichonyolewa. Nilieleza kwa hasira, mikono inatupwa huku na huku, na wanawake wakaanza kucheka, kwanza wachache, halafu wote, na mimi sikuwa nachekesha.

Mama wa bwana harusi alifuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Bibi we!" akasema. "Umeokota kwenye takataka ukamvika mwanangu?"

"Nimemvika mjukuu wangu."

"Basi huyu nimemchukua na takataka zake. Na chupa yangu mmeitangaza bure." Vigelegele vikapigwa, na shughuli ikaendelea, na wenzangu wananiambia mpaka leo kwamba nilifanya jambo zuri, niliwachangamsha watu. Sikutaka kuwachangamsha watu. Nilitaka mtoto avae asumini imfungukie kifuani, kama nilivyosema mbele ya wote, kama alivyowaambia wenzake wa kazini. Wenzake wamepiga picha nyingi. Kwenye picha harufu haimo, kwa hiyo wao wameridhika.

Mjukuu wangu kabla ya kuondoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, ungenyamaza tu." Ana haki. Nami nina haki. Tukaagana hivyo hivyo, na gari likampeleka Pangani.

Leo asubuhi kapiga simu. Binti yangu akanipa nishike, nikashika kwa woga kidogo, nikidhani bado ameniwekea kinyongo.

"Bibi," akasema, "yale ya kijani yamefunguka. Si yote, lakini mengi. Nimeamka nimeyakuta meupe."

Nikahesabu siku. Ya keshokutwa yale, yamefunguka kwa siku yake yenyewe, hayakuwa na habari na harusi yetu.

Nikamwuliza, "Yananukia?"

Nikasikia anavuta pua kule.

"Yananukia ile chupa, Bibi."

"Yatupe basi."

"Siyatupi. Nimeyatia kwenye kisahani hapa karibu na kitanda."

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema, juu ya meneja, juu ya chupa, juu ya paja langu ambalo lina alama mpaka sasa. Nikamwuliza kama ameshakunywa chai, na kama huko kwao wanatia hiliki.